Siku Nne Juu ya Baiskeli, Kilometa 150 kwa Ajili ya Bweni

(Hotuba ya kikundi cha waendesha baiskeli, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika harambee ya mwaka ya chama chetu, jijini Dar es Salaam)



Kamati ya Harambee imetupa dakika ishirini tueleze habari za safari yetu ya baiskeli ya mwezi Julai, kutoka Mombo mpaka Mtae na kurudi Lushoto. Tunazungumza kama kikundi kwa sababu tulikwenda kama kikundi. Tulikuwa watu 17, wanawake 6 na wanaume 11. Mdogo wetu ana miaka 22, amemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Mkubwa wetu ni mama mwenye miaka 61, muuguzi mstaafu, ambaye baadhi yenu humu ukumbini aliwapokea kwa mikono yake siku mlipozaliwa. Hakuna kati yetu aliye mwanamichezo. Wengi wetu mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa enzi zile tulipotumwa mashineni kusaga mahindi.

Kabla ya kuendelea, tujibu swali ambalo tumeulizwa tangu tulipotangaza safari. Kwa nini baiskeli? Kwa nini msichange fedha tu, mkaacha kujitesa kwenye kona za Mombo? Swali hili ni la haki, na wanaouliza ni wanachama wanaolipa ada zao.

Majibu yetu ni mawili. La kwanza ni la fedha. Kila mwendeshaji alijilipia nauli, malazi, chakula na kukodi baiskeli. Hakuna shilingi ya chama iliyoingia kwenye cheni wala kwenye chai. Kisha kila mmoja alitafuta wadhamini wake, waliokubali kutoa kiasi fulani kwa kila kilometa. Aliyeahidi shilingi 500 kwa kilometa, kwa kilometa 150 ametoa shilingi 75,000. Mtu huyo huyo ukimwomba shilingi 75,000 kwa mkupuo mmoja, anakumbuka kwamba ada ya shule ya mtoto haijalipwa. Ukimwomba 500, anacheka, anakubali, na tunapopanda mlima anapiga simu kuuliza tumefika wapi. Hesabu yote, jina kwa jina, mweka hazina ameichapa katika kurasa za nyuma za kijitabu hiki. Isomeni.

Jibu la pili ni refu zaidi, nalo ndilo hotuba yetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi watoto wa milimani tunaoishi mijini tunakwenda nyumbani kila Idi, kila Krismasi na kila msiba. Tunapanda basi hapa alfajiri, au tunachangia gari. Tukifika Mombo tumesinzia, na tukiamka tumeshafika Lushoto. Kutoka Lushoto tunachukua bodaboda mpaka mlangoni kwa mama. Tunakula, tunazika au tunaoza, tunarudi. Kwa njia hiyo mtu anaweza kwenda nyumbani kwa miaka ishirini bila kuupanda mlima hata siku moja. Gari ndilo linaloupanda. Baiskeli haikuruhusu kusinzia. Kila mteremko unaujua, kila kona unaihesabu, na kila mtu unayekutana naye njiani unapata nafasi ya kumwamkia na kusikia akikujibu.

Siku ya kwanza tuliondoka Mombo saa kumi na mbili asubuhi. Mombo iko mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, na Lushoto mita 1,400 hivi. Katikati yake ni kilometa 33 za lami iliyochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Nyuma yetu tuliacha mashamba ya mkonge na joto la nyika. Wazee wetu wamekuwa wakitenganisha vitu hivi viwili tangu zamani: kuna nyika, na kuna Shambaai. Mpaka wake hauko kwenye ramani, lakini mwenye baiskeli anaujua kwa ngozi yake. Hewa hupoa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mombo tulianza kwa fulana. Tulipokaribia Lushoto mchana ule wa Julai, watu walikuwa wanatafuta masweta.

Kanuni yetu ilikuwa moja tu: aliye mpole kuliko wote ndiye anayetangulia. Anayekwenda pole akiwekwa nyuma, anaachwa, anakata tamaa, na akiwafikia wenzake wameshapumzika na wanaondoka, kwa hiyo yeye hapumziki kamwe. Akiwekwa mbele, wote wanakwenda kwa mwendo wake na wote wanafika. Mtu wa mwisho kwenye msafara alibeba pampu, viraka na solusheni, ili mwenye pancha asibaki nyuma peke yake. Mwendo wetu tulimwachia mama yetu muuguzi. Malori ya kabichi na karoti yalikuwa yanateremka kuelekea masoko ya Dar es Salaam na Tanga, na madereva walipomwona yule mama mbele ya vijana kumi na sita wanaohema, walipiga honi kwa furaha mpaka korongo likaitika.

Soni tulifika tumechoka, tukakaa karibu na maporomoko, tukanywa chai ya maziwa na ndizi. Pale njia nyingine inakwenda Bumbuli, na upande huo ndiko ilipo Vuga, mji wa Kimweri ye Nyumbai. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alitoka pwani akapanda mpaka Vuga kumwona Kimweri. Alipanda kwa miguu, kama walivyopanda wote wa wakati wake. Kijana wetu mmoja akasema, huku anasugua magoti, kwamba sasa anamwelewa Krapf kuliko alivyomwelewa darasani.

Jioni ile, waliobaki na nguvu waliendesha mpaka Irente, kilometa chache nje ya mji wa Lushoto. Wengi wenu mmepiga picha pale. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, kama mita 1,000, ziko Mazinde, mashamba ya mkonge, reli na barabara kuu, na magari yanaonekana kama siafu. Tulikaa kimya muda mrefu. Ni jambo moja kuitazama nyika kutoka juu umeshushwa na gari. Ni jambo jingine kuitazama huku miguu inatetemeka kwa sababu asubuhi ulikuwa kule chini.

Siku ya pili tulipanda Magamba. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo inaanzia Taita nchini Kenya na kushuka mpaka Udzungwa. Milima hii imebeba mimea na wanyama ambao hawako mahali pengine popote duniani. Lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya na Marekani wanalipanda madirishani lilichukuliwa katika milima yetu ya Usambara, likajulikana huko Ulaya mwaka 1892 kupitia Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, na jina lake la kitaalamu likawa lake, Saintpaulia. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Tuliendesha bila kuonana, kila mmoja akifuata sauti ya cheni ya mwenzake. Juu ya miti mbega walikuwa wanaruka, weusi kwa weupe, na matone yakatumwagikia shingoni. Vijana wawili wa Lushoto tuliowachukua kutuongoza, ambao kazi yao ni kutembeza wageni, walituambia kwamba wageni husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuona tulichokuwa tunakiona, na kwamba sisi tulikuwa kikundi cha kwanza cha wenyeji kuwakodi. Tulifurahi kwa hilo, na tunawaomba wanachama wengine wawafurahishe tena.

Baada ya msitu, nchi ikafunguka: mabonde yaliyokatwa matuta, vijito, nyumba za udongo mwekundu, mashamba ya viazi na kabichi yamepangwa kama mikeka. Lukozi tulikuta malori yanapakiwa. Hapo spoku mbili za baiskeli ya mwenzetu zilikatika, na rimu ikaanza kupinda. Fundi mmoja, mzee aliyekaa chini ya mti na boksi lake la vyuma, alizibadilisha kwa nusu saa na kuinyoosha rimu kwa jicho tu. Tulipotaka kumlipa aliuliza mnakwenda wapi na baiskeli zote hizi. Tukamweleza habari za bweni. Akarudisha fedha, akasema: "Niandikeni kwenye daftari. Spoku mbili." Tumemwandika. Mtamkuta kwenye orodha ya michango katika kijitabu hiki, mstari wake ukisomeka hivyo hivyo, spoku mbili na ufundi wake.

Usiku tulilala Rangwi, kwa masista, ambao walitupa maji ya moto na maharage, na hawakuuliza nani anasali wapi.

Ndugu zetu, sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta mbele yenu.

Siku ya tatu tuliondoka Rangwi saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili tumalize vilima kabla ya jua kuwa kali. Kulikuwa na giza na baridi. Hatujaenda mbali tukaona tochi nne mbele yetu zinapanda mlima. Walikuwa wanafunzi, wasichana watatu na mvulana mmoja, wamevaa sare, madaftari kwenye mifuko ya plastiki ili umande usiyaloweshe. Wawili walikuwa na ndala, na viatu vyao vya shule wamevishika mkononi visichafuke. Tuliwasalimu, wakatuamkia, shikamooni. Mlima pale ni mkali. Tulishuka kwenye baiskeli tukazisukuma, tukaenda pamoja nao.

Kati yetu kulikuwa na mwalimu. Akamuuliza binti mmoja, uko kidato cha ngapi? Cha tatu. Unaondoka nyumbani saa ngapi? Saa kumi na moja kasoro robo. Unafika shuleni saa ngapi? Karibu saa moja, mvua isiponyesha. Na ikinyesha? Binti akanyamaza kidogo, akasema: "Ikinyesha, kuna siku sifiki." Kisha naye akatuuliza, nyinyi mnakwenda wapi? Tukasema tunakwenda Mtae, tunatembea tu, tunaangalia nchi. Akacheka, kwa adabu, akifunika mdomo. Halafu yeye na wenzake wakatuaga wakatutangulia, kwa sababu sisi tulikuwa tunawachelewesha. Baiskeli zetu zilikuwa na gia 21.

Siku ya nne, wakati wa kurudi, wenzetu wawili waliteremka mpaka kwenye kijito walikotokea wale watoto, wakapima njia kwa kipima mwendo cha baiskeli, kuanzia mlango wa nyumba ya mwisho mpaka lango la shule yetu. Ni kilometa 7 na nusu, karibu yote ni kupanda. Kwenda na kurudi ni kilometa 15 kwa siku. Kwa juma la siku tano ni kilometa 75. Kwa majuma mawili ni kilometa 150.

Kilometa 150, ndugu zetu, ndiyo safari yetu. Ndiyo ile tuliyotafutia wadhamini, tuliyopigiwa honi na madereva, tuliyofuatwa na pikapu yenye maji na dawa ya maumivu, na ambayo leo tunapigiwa makofi. Binti yule anaimaliza kila majuma mawili, gizani, na ndala, halafu anakaa darasani kusoma hesabu. Hatusemi hivi kumhuzunisha mtu. Tunasema kwa sababu ni kipimo, na miguu yetu ndiyo iliyopima.

Tangu mwaka 2016 mzazi halipi ada katika sekondari za serikali za kidato cha kwanza hadi cha nne. Tunashukuru; watoto wengi wameingia darasani ambao zamani wangebaki shambani. Lakini ada imeondolewa, umbali haukuondolewa. Na umbali una malipo yake. Kuna wanaolipa kwa kukosa vipindi vya kwanza. Kuna wanaolipa kwa kupanga chumba karibu na shule, wasichana wawili au watatu wenye miaka kumi na tano, hakuna mzazi, hakuna mlezi, wanapika wenyewe, na mwenye nyumba au mwenye bodaboda ndiye anayejua mlango wao umefungwa kwa kufuli gani. Akina mama mliomo humu hamhitaji tuendelee. Mama yetu muuguzi alifanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka thelathini. Jioni ile Mtae alitwambia kwamba wengi wa mabinti wadogo aliowapokea wodi ya wazazi walikuwa na habari moja: shule ilikuwa mbali, akapangiwa chumba.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuhusu Mtae tuseme machache. Mji umekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, ukingoni kabisa mwa Shambaai. Ukisimama pale unaiona nyika ya Mkomazi imetandazwa chini, milima ya Upare upande wa pili, na kukiwa kweupe, Kilimanjaro kwa mbali. Tulifika jua linazama. Hatukupiga picha kwa dakika kadhaa za kwanza. Tulilaza baiskeli kwenye majani tukatazama. Mtu anayesema nyumbani kwetu ni pabovu, mpelekeni Mtae kwa baiskeli.

Usiku tulikaa na wazee. Mmoja alitukumbusha maneno ambayo vijana wengi wa mjini hawayajui tena. Zamani, alisema, mtawala alipimwa kwa jambo moja: je, anaiponya nchi au anaiharibu? Kwa Kishambaa, kuzifya shi ni kuiponya nchi. Kubana shi ni kuiharibu. Mvua ikinyesha kwa wakati na watu wakashiba, nchi imeponywa. Na kilichoiharibu nchi hakikuwa ukame peke yake. Wenye nguvu wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, kila mmoja akitaka kuonekana yeye ndiye mwenye mvua, nchi inaharibika, hata kama kila mmoja wao akiwa peke yake ni mtu mwema.

Tulitazamana. Kila mmoja wetu alifikiria vikao vya chama.

Wanachama mnajua kwamba kwa muda sasa kuna mapendekezo mawili mezani. Liko la ukumbi wa mikutano na sherehe, ambalo lina watetezi wake, tena wenye hoja nzuri. Ukumbi unaweza kuingiza mapato. Na liko la bweni. Kuna wakati mazungumzo hayo yamesikika kama tawi kwa tawi, Dar es Salaam na Tanga, na si tena kama ukumbi na bweni. Sisi waendesha baiskeli tulitoka matawi yote mawili. Tulikwenda wengine wetu tukiwa upande wa ukumbi. Njiani hakuna aliyetuhutubia. Tulipanda mlima mmoja, tukiwa nyuma ya tochi nne, na tuliporudi Lushoto jioni ya siku ya nne, wote 17 tulikuwa na neno moja: bweni kwanza. Ukumbi utafuata, na wakati huo baadhi ya watakaoupangia mahesabu watakuwa wasichana waliolala katika bweni hilo.

Hatuanzi sifuri. Wananchi wamefanya sehemu yao. Kiwanja kimetolewa na ukoo mmoja bila kudai fidia. Mawe ya msingi yamebebwa kwa vichwa na mabega. Mchanga umetoka mtoni. Matofali yamechomwa na wazazi kwa zamu. Boma limesimama, limefika usawa wa lenta, na tulipolitembelea tulikuta watoto wa shule ya msingi wanacheza ndani yake, kwa kuwa halina paa. Mnajua mvua zetu. Tofali la kuchoma linavumilia, lakini ukuta usio na paa hauvumilii masika baada ya masika.

Kilichobaki ni vitu visivyopatikana mtoni: kenchi na mabati, saruji ya sakafu na lipu, milango na madirisha yenye nondo, vyoo, tangi la kuvuna maji ya paa, vitanda 40 vya deki, ambavyo ni nafasi ya wasichana 80, magodoro, na chumba cha mlezi, mwanamke atakayelala hapo hapo na kushika funguo. Makisio yako kwenye kijitabu. Mkishangaa kwa nini mfuko wa saruji pale shuleni una bei kubwa kuliko hapa Dar es Salaam, waulizeni wenye magoti. Kila kitu kinachokwenda kule kinapanda zile kona, kisha kinaacha lami, kisha kinapanda tena. Mlima unadai ushuru wake kwa kila mfuko.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

La kwanza, changieni kwa kipimo ambacho miguu imepima. Kwenye fomu iliyo katikati ya kijitabu, pameandikwa kilometa 1, kilometa 15, kilometa 75 na kilometa 150. Kilometa 15 ni siku moja ya binti yule. Kilometa 75 ni juma lake. Chagueni ni siku ngapi mnataka kumtembelea. Bei ya kilometa mnaipanga wenyewe kwa uwezo wenu. Asiye na fedha leo, kuna aliyetoa spoku mbili; mwenye lori atoe safari moja ya mabati, seremala atoe siku zake, na mwalimu mstaafu aje kusimamia masomo ya jioni.

La pili, matawi yetu yaweke fedha hizi kwenye akaunti moja ya bweni, na kila robo mwaka taarifa isomwe mbele ya matawi yote siku moja, siyo tawi hili Jumamosi na lile Jumapili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole viwili vinavyosukumana navyo havivunji.

La tatu, mwakani, Mungu akitujalia, tutapanda tena mwezi Julai. Karibuni. Tunawaomba hasa wale wenye magari mazuri. Tutawafundisha tulichojifunza: tumia gia nyepesi kabla miguu haijachoka, usisubiri ichoke; kunywa maji kabla ya kiu; na kwenye mteremko wa Magamba, breki usizikamate muda wote, zibane na uziachie, na zikipata moto simama zipoe. Kupanda kunachosha miguu, kuteremka kunachosha mikono na moyo. Tulipata pancha tisa, cheni moja ilikatika, na mwenzetu mmoja alipanda pikapu kwa sababu ya goti, akawa mpiga picha wetu. Wote tulifika.

Tunawashukuru wadhamini wetu, kila mmoja. Tunawashukuru waliotupokea Soni, Lushoto, Lukozi, Rangwi na Mtae. Tunawashukuru vijana wetu wawili waongozaji, na dereva wa pikapu, aliyekwenda siku nne kwa mwendo wa kobe bila kulalamika. Tunawashukuru wake na waume zetu waliotukanda magoti.

Mlezi wa bweni akipatikana, na paa likipanda kabla ya masika yajayo, kidato cha kwanza cha mwakani kinaweza kulala pale. Binti wa kidato cha tatu tuliyekutana naye amebakiwa na muda mfupi. Yeye ataufaidi mwaka mmoja tu, tukiharakisha. Tunaomba aufaidi huo mwaka mmoja.

Fomu ziko mezani mwenu, na kalamu zimeletwa. Mweka hazina yuko pale mlangoni, na daftari liko wazi.